Noti Kumi na Moja: Mwaka wa Hood Baharini kwa Jicho la Fundi

Januari 12, 1924, kaskazi ikivuma na majahazi ya Arabuni yakiingia Unguja kama kila mwaka, manowari kubwa kuliko zote duniani ilitia nanga mbele ya Mji Mkongwe. Jina lake Hood, ya Uingereza. Urefu wake mita 262, mizinga yake mikubwa 8 ya inchi 15, na ndani yake wanaume zaidi ya 1,000. Iliondoka kwao Novemba 27, 1923, ikifuatana na Repulse, manowari nyingine yenye mizinga ya inchi 15, na kruza nyepesi tano: Delhi, Danae, Dragon, Dauntless na Dunedin. Ilirudi Devonport mwishoni mwa Septemba 1924, baada ya kuizunguka dunia kwa maili za bahari 38,152, bila kumfyatulia adui hata risasi moja.

Safari ile imeandikwa sana kama habari ya dhifa, magwaride na bendi. Hapa nataka tuishike upande wa mitambo. Meli ya tani 42,000 na ushei inakaaje miezi kumi mbali na kiwanda chake bila kuharibika? Inakula nini, na nani anailisha? Na kubwa zaidi: wale wanamaji walirudi wakijua vita kuliko walivyoondoka, au walirudi wakijua kupokea wageni?

Siasa nitaipitia kwa haraka, maana bila hiyo ratiba haieleweki. Vita Kuu vilikwisha, Uingereza ikabaki na madeni, na Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 ukaweka kikomo kwa manowari za mataifa makubwa. Leo Amery, waziri aliyesimamia Jeshi la Majini, alitaka Australia, New Zealand, Kanada na nchi nyingine za dola zione kwa macho kile zinachoombwa kuchangia. Kikosi akakabidhiwa Admirali Frederick Field. Hood yenyewe ilikuwa mikononi mwa nahodha John Im Thurn. Bandari zilichaguliwa kwa kufikiria watazamaji kwanza, luteka baadaye. Shika hilo, tutalirudia.

Tuanze na mwendo. Katika majaribio ya mwaka 1920, Hood ilikimbia noti 32, yaani maili 32 za bahari kwa saa, mitambo ikitoa nguvu ya farasi 151,000. Katika majaribio hayo hayo, ilipokwenda noti 13 na nusu, ilihitaji nguvu ya farasi 9,000 hivi tu. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili na nusu, lakini nguvu iliyotakiwa ilipanda karibu mara 17. Ndivyo maji yalivyo: kila noti unayoongeza ni ghali kuliko iliyoitangulia, na meli kubwa ikizidi kukimbia inajikuta inapambana na wimbi ililolitengeneza yenyewe. Mhandisi wa Hood alikuwa na tarakimu hizo kwenye jedwali, na jedwali lile lilitawala mwaka mzima kuliko amri yoyote ya admirali.

Chukua ramani upime. Kikosi kiliondoka Cape Town Januari 2 kikafika Unguja tarehe 12, zaidi ya maili 2,300 kwa siku kumi. Hiyo ni noti kumi kwa wastani. Kutoka San Francisco Julai 11 hadi Panama Julai 23, maili 3,200 na kitu: noti 11. Basi manowari iliyosifiwa dunia nzima kwa mbio ilizunguka dunia kwa mwendo wa meli ya shehena. Ukigawanya maili 38,152 kwa noti 11 au 12, unapata siku kati ya 130 na 145 za kuwa njiani. Safari nzima ilikaribia siku 310. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mwaka ule wa mafunzo ya bahari, meli ilikuwa imetia nanga.

Lakini tusikimbilie kuwaita wavivu. Mwendo mdogo ulikuwa na faida ambayo abiria haioni. Hood ilikuwa na boila 24, sita sita katika vyumba vinne, na turbaini zilizozungusha rafadha nne. Baadhi ya turbaini zilikuwa maalumu kwa mwendo mdogo, ili mvuke usipotee bure. Kwa noti 11 boila 24 hazihitajiki. Chache zinatosha; nyingine zinazimwa, zinaachwa zipoe, kisha zinafunguliwa ili watu waingie ndani.

Hapo ndipo kazi halisi ya mwaka ule ilipokuwa. Boila la mafuta halina majivu, lakini lina masizi, na masizi hushika nje ya mirija. Ndani ya mirija, chumvi na chokaa zilizoponyoka kwenye mtambo wa kusafisha maji hujenga ganda. Ganda likinenepa, moto unawaka kama kawaida ila joto haliyafikii maji sawasawa; chuma kinapata moto kupita kiasi, kinavimba, mwishowe mrija unapasuka na mvuke unamwagika kwenye chumba chenye watu. Dawa yake haikuwa ya kisasa hata kidogo. Mtu anajikunja, anaingia ndani ya pipa la boila kupitia tundu linalotosha mabega, taa mkono mmoja na brashi ya waya mkono wa pili, anasukuma brashi ndani ya mrija, anaitoa, anahamia mrija wa pili, na boila moja lina mirija isiyohesabika kwa vidole vya watu kumi. Fikiria kazi hiyo Unguja mwezi Januari, chuma chenyewe hakijapoa vizuri, juu sitahani bendi inapiga na wageni wanakunywa. Kwa kupokezana hivyo, boila hizi kazini na zile zinaoshwa, Hood ilimaliza safari bila kukwama. Ratiba ya magavana ilichapishwa magazetini. Ratiba ya boila ilibaki chini, na bila hiyo ile ya juu isingewezekana.

Watu wa Unguja walikuwa na sababu yao ya kulielewa jambo hili. Septemba 20, 1914, kruza ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga katika bandari hiyo hiyo, moto umezimwa, mafundi wakitengeneza boila na mitambo. Alfajiri ikatokea Königsberg ya Wajerumani. Pegasus haikuweza kusogea, na mizinga yake haikufika mbali kama ya mgeni. Ikapigwa hadi ikazama, na baadhi ya waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani, kando ya mji. Kisha Königsberg nayo ikapatwa na yale yale: mitambo ikaharibika, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na vyuma vyake vikaburutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa tena. Haikuwahi kutoka Rufiji; Julai 11, 1915 ilimalizwa humo humo na meli za Kiingereza Severn na Mersey.

Miaka isiyofika kumi baada ya Pegasus, Hood inazima boila katika maji hayo hayo kwa raha zake, kwa sababu adui hayupo. Ndiyo maana nasema uimara wa mitambo ulioonyeshwa mwaka 1924 ulikuwa wa kweli, ila ulipatikana katika hali ambayo vita haimpi mtu. Vitani ni admirali anayesema boila zote ziwake, na fundi hapewi siku sita za nanga za kuwafungia wagonjwa wake.

Chakula cha meli ni habari nyingine. Manowari 16 za Marekani zilizozunguka dunia kati ya Desemba 1907 na Februari 1909 zilikula makaa ya mawe, tena sehemu kubwa ya makaa yale ilibebwa na meli za kukodi za kigeni. Siku ya kupakia makaa ilikuwa siku ya meli nzima, kuanzia kijana mdogo hadi ofisa: magunia, koleo, vumbi jeusi kila mahali, kisha siku nyingine ya kuosha. Hood na Repulse zilichoma mafuta mazito. Mpira mnene unafungwa kati ya meli ya mafuta na manowari, pampu inafanya kazi, na wanamaji wanaendelea na shughuli zao. Matangi ya Hood yalichukua tani 4,000 hivi, kiasi ambacho kingeifikisha maili 5,300 kwa noti 20, na mbali zaidi kwa mwendo wa pole iliokuwa inakwenda. Nguvu kazi iliyookolewa hapo ni kubwa, na mtu anayetafuta sababu ya safari ile kwenda bila vurugu aanzie hapo.

Ila mafuta yalileta utumwa mpya. Makaa ya Wales yalikuwa ya Waingereza wenyewe. Mafuta walikuwa wakiyafuata mbali, na ndiyo sababu mwaka 1914 serikali yao ilinunua hisa nyingi za kampuni ya Anglo-Persian. Kwa kikosi kilicho safarini maana yake ni moja: meli za mafuta lazima zitangulie, zisubiri, na zisichelewe. Ukiitazama njia yote ya mwaka ule, Freetown, Cape Town, Unguja, Trincomalee, Singapore, bandari za Australia na New Zealand, Fiji, Honolulu, Vancouver, unaona mnyororo wa matangi uliovikwa nguo za sherehe. Kiungo kimoja kikikatika, manowari kubwa kuliko zote inakuwa kisiwa cha chuma.

Na kuna kitu ambacho meli ya mafuta haiwezi kukibeba: gudi. Maji ya joto huotesha mwani na magamba chini ya meli, na meli yenye ndevu hula mafuta zaidi kwa mwendo ule ule. Mwenye jahazi husubiri bamvua, akalipandisha ufukweni, na maji yakikupwa akalikwangua na kulipaka shahamu. Meli ya tani 42,000 haipandishwi ufukweni. Hoja kubwa ya wakuu wa Jeshi la Majini kutaka kituo kijengwe Singapore ilikuwa hiyo hiyo: Mashariki ya Mbali Uingereza haikuwa na gudi la kupokea manowari zake kubwa za kisasa, kwa hiyo kikosi kikubwa kisingeweza kukaa huko muda mrefu. Safari ya Hood ilikuwa tangazo la biashara la gudi lile.

Bahati mbaya mteja akabadilika njiani. Kikosi kiliondoka Unguja Januari 17. Januari 22 serikali ya Baldwin ikaondoka madarakani na Ramsay MacDonald wa chama cha Labour akawa Waziri Mkuu. Meli zilipofika Trincomalee zilikuwa zikitumikia serikali nyingine. Mwezi Machi, wanamaji wakiwa Australia wanashangiliwa barabarani, serikali hiyo ikatangaza kwamba ujenzi wa kituo cha Singapore unasimamishwa. Admirali Field akaendelea na ratiba yake. Angefanya nini?

Mfereji wa Panama ulikuwa mtihani wa uendeshaji, tena mtihani safi kuliko mingine yote ya mwaka ule, kwa kuwa chuma na zege havidanganywi. Malango ya mfereji yalikuwa na upana wa mita 33 na nusu. Hood ilikuwa na upana wa karibu mita 32. Ilibaki nafasi isiyofika mita moja kila upande kwa meli ambayo haiwezi kusimama ghafla. Ilivutwa taratibu na vichwa vya treni vinavyokwenda kando ya malango, Repulse nayo ikapita, pamoja na kruza Adelaide ya Australia iliyokuwa imejiunga nao. Hakuna meli kubwa kama Hood iliyokuwa imewahi kupita pale. Ushuru wa manowari ulikuwa senti 50 za dola kwa tani, na Hood ikalipa dola 22,399.50. Napenda zile senti hamsini za mwisho: Wamarekani walihesabu mpaka tani ya mwisho.

Zile kruza nyepesi tano za mwanzo hazikupita huko. Dunedin ilibaki New Zealand, nyingine zilishuka pwani ya Amerika Kusini na kuzunguka ncha yake. Kwa mafunzo ya mabaharia, naona wao ndio waliopata kilicho bora: meli ndogo, bahari mbaya, bandari zenye wageni wachache.

Tuingie kwenye mizinga. Risasi moja ya mzinga wa inchi 15 ina uzito wa kilo 870 hivi na inaweza kufika zaidi ya kilomita 27. Mtutu wake hulika kila unapofyatuliwa kwa baruti kamili, na baada ya risasi 330 hivi unapaswa kubadilishwa, kazi ambayo haifanyiki Honolulu wala Suva. Kwa hiyo katika majeshi yote ya majini ya wakati ule mazoezi mengi yalifanywa kwa kijizinga kidogo kinachoingizwa ndani ya mtutu mkubwa. Wapimaji wa umbali, wasoma dira, wanaozungusha minara, wote wanafanya kazi yao kamili. Kinachotoka ni risasi ndogo ya bei nafuu. Ni njia nzuri kufundisha macho na mikono. Haifundishi kishindo, moshi, mitikisiko inayovunja vioo vya vipimo, wala kazi ya kupandisha kilo 870 kutoka ghalani haraka huku meli inageuka.

Shabaha nayo ni tatizo. Kupiga kwa umbali wa vita unahitaji shabaha kubwa inayovutwa, meli ya kuivuta, bahari wazi na siku nzima bila wageni. Kwenye ratiba iliyojaa bandari, siku kama hizo ni adimu. Kikosi kilifanya luteka njiani, meli zikishika nafasi zao kwenye mstari mchana na usiku, kruza zikijifanya adui, na vijana wenye miaka isiyofika 18 wakijifunza kusoma bendera. Maofisa wanafunzi waliandika daftari zao za kila siku kama desturi. Yote hayo ni mafunzo ya kweli. Kushika nafasi nyuma ya meli nyingine usiku, taa zimefifishwa, kwa wiki nzima, hakuna darasa la nchi kavu litakalokufundisha. Lakini hayo yanakufanya baharia. Upigaji ni somo jingine, na lilipata muda mdogo.

Hata meli yenyewe ilikuwa ikitoa onyo. Baada ya mapigano ya Jutland ya 1916 mchoro wa Hood uliongezewa maelfu ya tani za chuma cha kinga, na ikakaa chini majini kuliko ilivyokusudiwa. Bahari ikichafuka, sitaha ya tezi ilifunikwa na maji hata wanamaji wakaitania kuwa ndiyo nyambizi kubwa kuliko zote za Uingereza. Wageni waliokanyaga mbao zile zilizosuguliwa zikang'aa, meli imetulia bandarini, hawakuwa na habari.

Na wageni walikuwa mamia ya maelfu. Kila bandari ilitaka kupanda, kupita, kugusa mizinga. Wanamaji walishuka kupiga gwaride mijini wakiwa na bunduki na mizinga midogo ya kukokotwa. Usiku kurunzi kubwa zilichezeshwa angani. Australia waliipa Hood mnyama wao mdogo wa jamii ya kangaruu, akawa kipenzi cha meli. Baadhi ya vijana, hasa huko huko Australia, waliipenda nchi kuliko meli na hawakurudi. Sishangai: mtu aliyekwangua boila toka Cape Town hadi Fremantle, kisha akaonyeshwa ardhi tele na mishahara mizuri, ana la kufikiria.

Kuna wanaodharau kazi hiyo ya kupokea wageni. Mimi siidharau, ila ina gharama inayopimika. Siku ya wageni huanza na usafi alfajiri na kumalizika usiku, na haiwezi kuwa siku ya mazoezi ya moto, ya kuziba tundu la torpedo wala ya kuendesha mizinga kwa mkono umeme ukikatika. Na mwaka 1924 haukuwa wa mwisho. Hood iliendelea kuwa meli ya kuonyeshwa kwa miaka mingi, na matengenezo makubwa ya kuimarisha kinga yake ya sitaha, yaliyopangwa kufanywa kuanzia mwaka 1941, hayakufanyika kwa sababu vita vilitangulia. Mei 24, 1941 ilipasuka ikipigana na Bismarck, manowari ya Wajerumani. Kati ya watu 1,418 walipona watatu. Repulse ilizamishwa na ndege za Japani Desemba 10, 1941, ikiwa imetoka Singapore, bandari ile ile iliyopita kuitangaza. Ndege, ambazo ndizo zilizoimaliza, hazikuwa na nafasi ya maana katika mwaka ule wa bendera na bendi.

Kwa kazi waliyotumwa, hukumu yangu ni kwamba Field na watu wake walifanya vizuri mno. Meli saba, sita zikiizunguka dunia nzima, hakuna iliyopotea wala kuachwa nyuma kwa ubovu, na sifa hiyo naipeleka kwanza kwa waliokuwa chini na brashi za waya. Kama mwaka wa kuandaa vita, ulikuwa mwaka wa nusu mafunzo, na makamanda walilijua hilo walipopokea ratiba.

Leo manowari za kigeni bado zinatia nanga Mombasa na Dar es Salaam, na raia wakati mwingine huruhusiwa kupanda. Ukipata nafasi hiyo, usiishie kupiga picha na mzinga. Muulize ofisa anayekutembeza wamekuja kwa noti ngapi, na tangu waondoke kwao ni siku ngapi wamefyatua kwa risasi kamili.